Saa ya Mwaliko na Saa ya Kipindi

Kaeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue. Leo twende mbali kidogo, mpaka visiwa vya Ufilipino, tuone watu wa huko waishivyo na saa zao.

Kwanza, jina la saa. Wahispania walivitawala visiwa vile tangu mwaka 1565 mpaka 1898. Mtu asemaye Kitagalogi akihesabu mayai husema isa, dalawa, tatlo. Lakini akitaja saa, mara nyingi huiacha hesabu yake na kuichukua ya Kihispania. Saa tisa alasiri yeye huiita "alas tres", yaani ya tatu, kwa kuwa wao huhesabu tangu adhuhuri, si tangu macheo kama sisi. Usimcheke. Nawe ukisema sita, saba na tisa, watumia maneno yaliyotoka kwa Waarabu. Hata neno "saa" lenyewe ni lao.

Pili, kuchelewa. Wafilipino wenyewe wana msemo wa utani, "saa ya Kifilipino". Mtu akialikwa karamu saa kumi na mbili jioni, huenda akafika saa moja, au moja na nusu, wala mwenye karamu hakasiriki. Afikaye mapema humkuta mama wa nyumba bado yu jikoni. Nadhani sina haja ya kueleza zaidi. Wewe nawe umepata kwenda arusini.

Serikali yao haikupendezwa. Tarehe 15 Mei 2013 rais wao, Benigno Aquino, alitia sahihi sheria Na. 10535. Sheria hiyo yataka ofisi za serikali, redio na televisheni zote zifuate saa moja, ile itunzwayo na idara ya hali ya hewa iitwayo PAGASA.

Lakini iko saa ambayo watu wengi hawakuhitaji sheria ili kuikumbuka: saa sita mchana. Wakati wa chakula televisheni huonyesha nyimbo, mizaha na mashindano ya zawadi. Kipindi kimoja, Eat Bulaga!, kilianza tarehe 30 Julai 1979. Waliokiongoza ni Tito Sotto, mdogo wake Vic, na mwenzao Joey de Leon, nacho kimeendelea zaidi ya miaka arobaini. Huyo Tito alipata sifa nyingi hata akachaguliwa kuwa seneta, na mwaka 2018 akawa mkuu wa Baraza la Seneti.

Kipindi kingine cha mchana kiliitwa Wowowee. Tarehe 4 Februari 2006 kilikuwa kisherehekee kutimiza mwaka mmoja, katika uwanja wa michezo mjini Pasig, karibu na Manila. Watu waliahidiwa zawadi za fedha. Maskini wengi, na hasa akina mama, walifika siku kadhaa kabla, wakalala nje ya lango ili wawe wa kwanza. Asubuhi ile walikuwapo maelfu kwa maelfu. Wakasukumana. Walio mbele wakaanguka, wakakanyagwa. Watu zaidi ya 70 walikufa, na sherehe ikavunjwa.

Basi mtu akikuambia kwamba Wafilipino hawajui kuwahi, mwulize: kuwahi wapi? Karamu haimkimbii mgeni. Wali wake atawekewa. Pale langoni kila mama alijua kwamba atakayechelewa atakosa, na wengine nyumbani hawakuwa na kitu.

Sasa shika kalamu. Saa ya Manila imeitangulia saa ya Dar es Salaam na ya Nairobi kwa saa tano. Manila ikiwa saa sita mchana, hapa kwetu ni saa ngapi? Andika jibu kwa maneno, kisha kwa tarakimu. Halafu andika maneno haya mara tatu: kuwahi, mwaliko, lango. Mpe mwalimu wako daftari asahihishe.