Kushika Ibada Pamoja na Majirani

  Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu analijua, ila si desturi yetu kulizungumza darasani. Jambo lenyewe ni hili: mtu afanyeje ili ashike mambo ya msingi ya dini yake, asiyaache njiani?

Mambo hayo ya msingi mnayajua. Kusali kila siku. Kufunga kwa wakati wake. Kusoma, au kusikiliza kinachosomwa. Kutoa sadaka. Kuwatazama wagonjwa. Hata mtoto anaweza kuyataja. Kazi iko katika kuyafanya leo, na kesho, na tena mwezi wa pili, wakati ghala limekwisha na mtama shambani bado haujatoa masuke.

Mimi ni mtu wa elimu. Si padre, si mchungaji, wala si shehe, na sikuja kumwambia mtu afuate dini gani. Nataka tuangalie namna watu wa dini mbalimbali wanavyosaidiana, kwa maana katika jambo hili njia zao zafanana sana.

Tuseme kuna mama mmoja katika kijiji kilicho karibu na Kongwa. Ameamua kusali kila jioni kabla ya kulala. Wiki ya kwanza anasali. Wiki ya pili mtoto anashikwa na homa. Wiki ya tatu ni palizi, naye anarudi shambani mgongo unamwuma, anaanguka kitandani kama gogo. Mwezi ukiisha, hasali tena. Hakuna aliyejua kwamba alianza, basi hakuna ajuaye kwamba ameacha. Imani anayo mama yule. Alichokosa ni mtu wa kumwuliza njiani, wakati wa kwenda kuteka maji, "Mama, wiki hii vipi?"

Wazee wa zamani walilijua jambo hili. Katika nchi ya Wagogo mtemi alikuwa na wajibu wa kuishughulikia mvua kwa ajili ya nchi yake nzima. Hapakuwa na mvua ya kuombea shamba moja. Hata hivyo, watu hawakuishi karibu karibu. Tembe zilitawanyika, kila mtu na jamaa zake na ng'ombe wake. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, watu wengi wa mkoa huu walihamia katika vijiji. Si wote waliofurahi, na wazee wengine mpaka leo wakilisimulia jambo hilo hutikisa kichwa. Lakini toka hapo watu wengi walipata majirani ambao wangeweza kuwaita kwa sauti.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Zambia walikutana Nairobi. Waliona kwamba parokia ni kubwa mno. Padre mmoja ana vigango vingi, na vigango vingine haviwezi kumwona kila Jumapili. Wakakubaliana kwamba kanisa lijengwe kuanzia chini, katika makundi madogo ya majirani. Mwaka 1976 wakakutana tena huko huko Nairobi na kulitilia mkazo shauri hilo. Ndiyo asili ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo leo mnaziona mijini na vijijini. Kwa Watanzania mpango huu haukuwa mgeni, kwa sababu tangu miaka ya 1960 walikuwa wamezoea mashina ya nyumba kumi kumi.

Jumuiya hukutana mara moja kwa wiki, leo nyumbani kwa huyu, wiki ijayo nyumbani kwa yule. Si lazima nyumba iwe nzuri. Mkeka chini ya mti watosha. Namna moja ya kuendesha mkutano ilitoka katika chuo cha Lumko, Afrika Kusini, nayo ina hatua saba. Kwanza, mtu mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Pili, mmoja anasoma kifungu cha Injili. Tatu, kila apendaye anataja neno moja au mawili yaliyomgusa, akiyarudia polepole. Nne, watu wote wanakaa kimya. Tano, wanaambiana yale waliyoyasikia moyoni. Sita, wanazungumza juu ya kazi waliyopewa kuifanya wiki ile. Saba, wanasali, kila mtu kwa maneno yake mwenyewe.

Nawaomba mtazame hatua ya tatu na ile ya sita.

Katika hatua ya tatu, mtu asiyejua kusoma kabisa anaweza kushiriki sawasawa na mwalimu. Amesikia neno, amelishika, analisema. Na mtu anayejifunza kusoma, kama ninyi, anapata kazi ya heshima. Siku ile atakapoombwa asome mistari mitano mbele ya majirani zake, hata kama anafuata kwa kidole na kukwama mara mbili, atakuwa amesoma kwa sababu inayoeleweka. Huko Buganda, zamani, Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji, kwa sababu kuingia katika dini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Basi msione haya. Ila yafaa kukipitia kifungu nyumbani jioni ya kutangulia, mara mbili au tatu kwa sauti, ili maneno marefu yasiwashtue mbele za watu.

Hatua ya sita ndiyo inayomsaidia yule mama wa Kongwa. Hapo ndipo watu wanaulizana: nani mgonjwa? Nani hakuonekana wiki mbili? Mjane wa nyumba ya tatu amepata mtu wa kumsaidia kulima? Wakiisha kupanga, wiki inayofuata wanaulizana kama kazi ilifanyika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndugu Waislamu, wa Kondoa na kwingineko, mtasema kwamba jambo hili kwenu si jipya hata kidogo, nanyi mtakuwa mmesema kweli. Mtume amefundisha kwamba sala ya jamaa inaizidi sala ya mtu peke yake kwa daraja 27. Na mwezi wa Ramadhani ni shule kubwa ya watu wote. Fikiri mtu angeambiwa afunge siku 30 peke yake, huku majirani wote wanakula mchana! Wachache wangemaliza. Lakini wote wakifunga pamoja, wakiamshana kula daku, wakifuturu pamoja na kusimama pamoja katika tarawehe, hata kijana anayefunga kwa mara ya kwanza anaona njia. Na mtu akikosekana msikitini siku kadhaa, wenzake humwulizia.

Kuna namna nyingine tena, nayo ina historia hapa kwetu. Miaka ya 1930 uamsho ulitokea Gahini, katika Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ukafika hata kwa Waanglikana wa Dayosisi ya Central Tanganyika, ambayo ilianzishwa mwaka 1927. Watu wa uamsho waliitana ndugu. Walikutana kila mara, na desturi yao kubwa ilikuwa kuungama makosa mbele ya wenzao: aliyeiba akasema, akarudisha, waliokosana wakapatana. Mzungu na Mwafrika waliungama mbele ya kila mmoja, na kwa wakati ule wa ukoloni hilo halikuwa jambo dogo.

Hapa nitasema maoni yangu waziwazi. Kuungama kwa namna hiyo kuna nguvu, tena kuna hatari. Mambo mengine yafaa kusemwa mbele ya wote. Mambo ya ndoa, ya ugonjwa, na ya aibu inayomgusa mtu mwingine asiyekuwapo, yapelekwe kwa mtu mmoja mwenye busara, au kwa kiongozi wa dini. Maana likitoka mlangoni neno moja tu lililosemwa kwa machozi, likasikika kesho yake kilabuni kwenye pombe, mtu yule hatarudi tena. Na wengine hawatafungua kinywa. Nafikiri siri iliyotoka huua kundi upesi kuliko uvivu.

Fedha nazo zinahitaji uangalifu. Kundi likichanga kwa ajili ya mgonjwa au msiba, liwe na mweka hazina na daftari. Andikeni tarehe, jina, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, na kazi yake. Somwa hesabu mbele ya wote kila mwezi. Hii ndiyo hesabu mnayojifunza ninyi. Msiwaachie watu wawili watatu waliosoma zamani. Na asiye na kitu asisomwe jina lake kwa sauti ya kumfedhehesha. Aweza kuleta debe la maji, au mzigo wa kuni.

Juu ya saa za kukutana nina neno fupi. Wakati wa kilimo, tangu Desemba mpaka Aprili, msipange mikutano mirefu. Nusu saa jioni yatosha. Mikutano mirefu ngojeni mavuno, ingawa wakati huo pombe ya mtama nayo inawaita watu, na hapo hasa ndipo mwenzenu mmoja atakapohitaji kupitiwa nyumbani kabla ya jua kuchwa.

Kazi ya darasa. Chukueni karatasi. Andikeni majina ya wenye nyumba tano zilizo karibu nanyi. Kando ya kila jina, andikeni siku mliyoingia katika nyumba ile mara ya mwisho. Kama hamkumbuki, acheni nafasi tupu. Kisha mwalimu awaulize maswali haya matatu: Kundi letu likianza, tutakutana siku gani? Nani atasoma wiki ya kwanza? Na nani atakwenda kwenye zile nyumba zenye nafasi tupu?