Ua la Dirishani na Msitu wa Amani

Wazee wangu, ndugu zangu, na watoto wetu mliozaliwa hapa Birmingham,

Nimeombwa niseme machache juu ya msitu wa Amani, nami nitaanzia dirishani. Lile ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya, ambalo shangazi zenu hulinunua madukani humu na kulikinga na jua kali, asili yake ni milima yetu ya Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ulaya, nalo likapewa jina lake. Bibi zetu, waliolipita kila siku kwenye mawe ya mtoni, hawakuulizwa.

Amani ni hifadhi tangu mwaka 1997. Wageni hulipa kiingilio wapate kutembea chini ya miti ile na kuwatazama mbega. Maji ya mto Zigi, yatokayo huko, ndiyo anywayo mtu wa Tanga mjini.

Babu yangu alifyeka vichaka vya chini ya miti apande iliki. Nami niliyesomeshwa kwa iliki hiyo simlaumu. Lakini shamba lile, lipakanalo na msitu, sasa limepata mnunuzi, na wapo miongoni mwetu watakao fedha zigawanywe upesi. Naomba lisiuzwe bado. Wapelekeni watoto kwanza wakalale Amani, waamke wakute ukungu mlangoni. Kisha tukutane tupige kura, nao wapige.