Hotuba kwa Mafundi na Madereva juu ya Kuzidisha Presha ya Tabo

Ndugu zetu wanachama, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi,

Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalotuletea ugomvi katika magereji, nalo ni kuzidisha presha ya tabo. Mwenye motokaa huja asubuhi akasema, "Kazeni hiyo skrubu kidogo, nataka ikimbie." Kazi yenyewe ni ya dakika 10. Hasara yake yaweza kula mshahara wa miezi.

Tabo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi wa injini, nalo limeungwa kwa chuma kimoja na gurudumu jingine linalosukuma hewa ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905. Katika motokaa za leo magurudumu hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Pembeni pana mlango mdogo ambao hufunguka presha ikifika kiasi chake, ili moshi mwingine upite nje. Anayezidisha presha huuchelewesha mlango huo, basi. Hakuongeza chuma chochote ndani ya injini. Pistoni ni zile zile na ringi ni zile zile.

Watu hutuuliza mwisho ni paundi ngapi. Hapana namba moja ya motokaa zote. Nyingi za petroli zilizotoka kiwandani na tabo huenda kati ya paundi 7 na 15, paundi zile zile tunazopimia tairi. Sisi twashika hivi: juu ya namba ya kiwanda tutaongeza paundi 2, ikizidi sana 3, tena baada ya kupima, si kabla. Kupita hapo si kazi ya spana tena. Yatakiwa pampu kubwa ya petroli, rejeta kubwa ya hewa, kompyuta ya injini ipangwe upya, na mwisho pistoni za kufuliwa badala ya zile za kusubu.

Kinachoua injini ni kugonga. Aliyejaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyopata moto. Hewa ya digrii 25 ikibanwa na tabo mpaka presha yake iwe mara mbili, hupita digrii 100. Ndiyo sababu ya ile rejeta ya hewa, nayo ikijaa vumbi na matope haina faida. Hewa ya moto ikiingia, petroli hujiwasha yenyewe mahali pengine silindani kabla moto wa plagi haujafika. Pigo hilo huvunja pistoni pale kati ya ringi na ringi, au hupasua gasketi. Na usidhani utalisikia kila mara. Salensa ya makelele hulificha.

Jambo la petroli wengi hulisahau. Subaru nyingi za tabo tulizo nazo zilitumika kwanza Japani, na huko petroli ya daraja la juu haipungui namba 96. Petroli yetu ya kawaida ni ya namba ya chini kuliko hiyo. Basi motokaa kama hiyo imekwisha kula sehemu ya usalama wake hata kabla hujaigusa. Tena hewa ikizidi petroli haina budi kuzidi: katika mwendo wa pole hewa ni kama 14.7 kwa petroli 1, lakini tabo ikisukuma kwa nguvu yafaa iwe 11 au 12 kwa 1. Kompyuta nyingine hukata petroli presha ikipita kiasi, na kuna watu wauzao kifaa cha kuidanganya isikate. Kifaa hicho tusikifunge.

Sasa sikilizeni habari ya milima. Mombasa hewa ya kawaida ina paundi 14.7; Nairobi ni kama 12; Timboroa ni kama 10 na nusu. Geji ikionyesha 14, Mombasa tabo inaibana hewa karibu mara 2 tu, lakini Timboroa ni mara 2.3. Geji imesema namba ile ile, lakini tabo inateswa zaidi na hewa inatoka na moto zaidi. Aliyepanga presha pwani asiseme amepanga ya Eldoret.

Hata wenye viwanda wamewahi kuungua vidole. Oldsmobile Jetfire ya Marekani ya mwaka 1962 ilikuwa na presha ya paundi 5 tu, lakini injini yake ilibana sana, mara 10.25, ikahitaji chupa ya maji na spiriti ya methanoli ili isigonge. Wenyewe walisahau kuijaza. Baada ya mwaka 1963 haikutengenezwa tena.

Na sisi yalitupata. Tajiri mmoja alituamuru kwa mdomo tukaze mpaka paundi 20. Tulimwambia, akacheka. Motokaa ilifia katika kupanda kutoka Mai Mahiu, pistoni ya tatu imevunjika, na tajiri akataka kukata mshahara wa kijana aliyeshika spana. Ndugu, sheria ya kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Kutii amri ya tajiri ni makusudi ya nani? Lakini bila karatasi ilikuwa neno lake na neno letu, na kijana alilipa nusu.

Kwa hiyo twataka kila gereji yenye wanachama wetu iwe na kitabu cha kazi: presha ya kiwanda, presha iliyoombwa, petroli inayotumika, jina la aliyeamuru na sahihi yake. Asiyetaka kutia sahihi, skrubu yake haikazwi. Mwakilishi wa gereji akiona amri ya namna hiyo imetolewa kwa mdomo, alete habari kwa karani siku ile ile.

Tumeleta geji mbili na ile pistoni iliyovunjika, zipo mezani. Wenye maswali na wakaribie.