Mbona Minyoo Haiishi?



Wengi wenu mmetuuliza: "Watoto wetu wanamezeshwa vidonge vya minyoo shuleni. Mbona minyoo haiishi?" Swali zuri. Leo tulijibu pamoja.

Kidonge kinachotumika sana ni albendazoli. Kinaua vizuri ile minyoo mirefu ya mviringo. Minyoo ya safura nayo hupungua. Lakini uko mnyoo mwingine, umbo lake kama mjeledi. Huo huchomeka kichwa chake katika utumbo mpana. Kidonge kimoja mara nyingi huuacha hai.

Liko na jambo la pili. Wafugaji wa mbuzi na kondoo wanalijua: dawa ileile ikitumika miaka mingi, minyoo huizoea. Huo ndio usugu. Wataalamu wanahofu minyoo ya watu isije ikafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana wanatafuta dawa mpya mapema.

Wanazitafuta wapi? Hata udongoni! Ivamektini ilitokana na vijidudu vya udongo wa Japani, uliochukuliwa na Bwana Satoshi Omura katika miaka ya 1970. Yeye na Bwana William Campbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa nyingine, emodepsidi, asili yake ni kuvu. Ilianza kwa kutibu paka na mbwa. Kisha ilijaribiwa kwa watu wazima hapa kwetu, kisiwani Pemba. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Katika kila watu 10 wenye mnyoo mjeledi waliopewa miligramu 5, zaidi ya 8 walipona. Waliopewa albendazoli hawakufika 2.

Je, tukanunue dawa ya mbwa? Hata kidogo, ndugu zetu! Kipimo cha mnyama si cha mtu. Dawa ya watu hujaribiwa kwanza kwa wachache, kisha kwa wengi, ndipo iruhusiwe.

Tena tukumbuke: dawa yo yote huua minyoo iliyo mwilini tu. Mayai yaliyo udongoni yanatungoja. Tuchimbe vyoo na tuvitumie. Tuvae viatu, maana safura huingilia nyayoni. Tunawe mikono kwa sabuni, tuoshe matunda. Na siku ya vidonge, kila mtoto ameze.

Jadilini kikundini: Ni nyumba ngapi kijijini kwenu hazina choo? Mtazisaidiaje kabla ya mvua?