Afya nayo yataka daftari

Hotuba ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili



Wafanyabiashara wetu wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tunaomba kuutumia kwa afya. Vijiji vilivyo mbali na barabara havikosi dawa na wahudumu tu. Vinakosa pia kuhesabiwa. Mtoto anayefia nyumbani haingii katika kitabu cha hospitali. Anayepanga bajeti haoni kifo hicho, na mwaka unaofuata fedha huelekezwa kwingine. Kijiji kisicho na takwimu huonekana kama hakina wagonjwa.

Kazi ya kukusanya taarifa za afya, kuzichambua kwa kompyuta na kuzirudisha kwa wanaofanya maamuzi, wataalamu huiita infomatiki ya afya. Jina ni geni, lakini matunda yake tumekwisha kuyaona hapa nchini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, waliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Wahoji walipita nyumba kwa nyumba, wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, na marehemu aliugua vipi. Kutokana na majibu hayo, timu za afya za wilaya zilipata michoro miwili: mmoja wa magonjwa yanayoua zaidi, mwingine wa mahali fedha zinapokwenda. Michoro hiyo haikulingana. Kule Morogoro, malaria ilichangia karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilipata kama asilimia 5 tu ya bajeti.

Wilaya zikapanga upya. Fedha zaidi zilikwenda kwenye malaria, vyandarua, na mafunzo ya kuwatibu watoto kwa utaratibu mmoja. Nyongeza yenyewe haikufika dola 1 kwa mtu kwa mwaka. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hatusemi kompyuta iliponya mtu. Dawa, vyandarua na wahudumu ndivyo vilivyofanya kazi. Takwimu zilionyesha vipelekwe wapi.

Mfano wa pili ni wa simu ya mkononi ya kawaida. Kati ya mwaka 2009 na 2010, vituo 129 vya Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga viliulizwa kila wiki, kwa ujumbe mfupi, vimebakiwa na dawa ngapi za malaria. Mwanzoni, vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja. Baada ya wiki 21, vilibaki 26. Mganga Mkuu wa Wilaya alipojua nani amepungukiwa na nani ana akiba, aliweza kuhamisha dawa kabla mgonjwa hajarudishwa nyumbani mikono mitupu.

Siku hizi taarifa za vitabu vya MTUHA huingizwa katika DHIS2, programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Lakini mwanzo wa safari ni muuguzi wa zahanati, kalamu mkononi, na foleni ya akina mama mlangoni. Kitabu kikiisha, au asipopata muda wa kujumlisha, kompyuta ya wilaya haina la kusema kuhusu kijiji chake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, kila kamati ya usharika iitembelee zahanati iliyo jirani na kuuliza: vitabu vipo? Taarifa ya mwezi uliopita imepelekwa? Wilaya imejibu nini?

Pili, ndugu wafadhili, tunajua jengo lina picha nzuri, na daftari halikatiwi utepe. Hata hivyo, tunapoandaa maombi ya mradi wa afya, turuhusuni kuweka fungu la vitabu, umeme wa jua, vocha za simu na mafunzo ya watunza kumbukumbu.

Tatu, tulinde siri za wagonjwa. Kamati isome idadi, isisome majina. Mama akisikia ugonjwa wake ukizungumzwa nje ya kanisa, hatarudi kliniki, na hesabu yetu itakuwa ya uongo.

Wapendwa, mchungaji wa kondoo 100 alijua mmoja hayupo kwa sababu alikuwa akiwahesabu. Baada ya kuhesabu, alitoka kwenda kumtafuta. Takwimu tunazokusanya nazo zitutoe ofisini.