Nani Ameshika Kishikwambi? TEHAMA na Kazi za Vikundi Madarasani

Mada kwa semina ya walimu wa sekondari, Kata ya Themi, Jiji la Arusha



Waandaaji wameniomba nianze na maana ya TEHAMA, maana ya ujifunzaji shirikishi na faida zake. Maana hizo mnazo kwenye madaftari ya mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA), kwa hiyo nitazipita. Nyaraka pia hazijapungua. Mtaala wa sekondari unaojali umahiri ulianza 2005, Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi ikaja 2007, na mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024. Zote zinataka mwanafunzi ashiriki. Vifaa navyo vipo kwa kiasi: vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao. Serikali inastahili shukrani kwa hilo, nami natoa shukrani hizo bila kinyongo.

Ninalotaka kuzungumzia ni kundi lenyewe.

Chukueni darasa la kidato cha pili lenye wanafunzi sabini, wakati mwongozo unasema arobaini. Mwalimu anaagiza makundi, viti vinaburuzwa, dakika saba zimekwenda. Wanafunzi kumi wanazunguka kishikwambi kimoja. Anayekishika ni yule ambaye nyumbani kwao kuna simu janja, maana simu za wanafunzi shuleni haziruhusiwi na wenzake hawajazoea. Msichana mwenye mwandiko mzuri anapewa ukatibu. Wawili wanachungulia begani. Sita waliobaki wanatazama mgongo wa kishikwambi. Kengele ikikaribia, mwenye kifaa anasoma, katibu anaandika, majina kumi yanapangwa juu ya karatasi na wote wanapata nane ya kumi. Kwenye andalio la somo, mbele ya maneno “majadiliano ya vikundi”, inawekwa tiki.

Jambo hili nimelisema vikaoni kwa miaka, na jibu ninalopewa ni kwamba suala la vifaa linashughulikiwa. Sawa, lishughulikiwe. Lakini swali linaloweza kujibiwa na mtu mmoja litajibiwa na mtu mmoja, hata ukikalisha kumi na kila meza ukaipa kifaa kipya. Hapo ongeza lugha. Majadiliano ya kweli huenda kwa Kiswahili, ripoti inatakiwa kwa Kiingereza, basi anayemudu Kiingereza anakuwa msemaji wa kudumu. Wenye hoja wananyamaza.

Nikisema kifaa peke yake hakitoshi, mara nyingi nakumbushwa habari ya Tanga. Ni kweli, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi kwa miezi 15, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule, na wengi wakaanza kusoma. Mei 2019 ushindi ulitangazwa kwa timu mbili, Kitkit School na onebillion. Wanaoitaja Tanga husahau masharti yake: kila mtoto alishika chake, kilisema naye kwa Kiswahili, na pa kuchajia kwa umeme wa jua palikuwepo kijijini. Sisi hatuna hata sharti moja kati ya hayo matatu, isipokuwa umeme, LUKU ikiwa na uniti.

Kinachofaa kwetu ni mbinu ya vipande. Aliibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, katika madarasa ambamo watoto weusi na weupe walikuwa wamewekwa pamoja na hawaelewani. Kila mwanafunzi hupewa kipande cha somo ambacho wenzake hawana, hivyo hawawezi kumruka.

Tutumie floridi, ambayo hapa chini ya Mlima Meru haihitaji utangulizi. Kipande cha kwanza: jinsi miamba ya volkano inavyoachia floridi kwenye maji. Cha pili: inavyoathiri meno na mifupa. Cha tatu: kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Cha nne: kuchuja kwa makaa ya mifupa, kazi iliyofanyiwa utafiti Ngurdoto. Wenye kipande kimoja wanasoma pamoja kwenye kishikwambi chenye kurasa zilizopakuliwa mapema. Kisha vifaa vinazimwa, kila mmoja anarudi kundini kwake kufundisha. Mwisho ni jaribio, kila mtu peke yake. Hapo ndipo kijana mwenye madoa ya kahawia menoni huuliza kama kuchemsha maji kunasaidia. Hakusaidii, maji hupungua, floridi inabaki. Swali hilo halitoki kwa mtu anayetazama mgongo wa kifaa.

Napendekeza vikundi visizidi watu wanne au watano. Kishikwambi kizunguke, na mwenye simu nyumbani ashike wa mwisho. Ukatibu ubadilishwe kila kipindi. Wasichana wasifanywe makarani. Idara zikopeshane vishikwambi, na visipotosha, kipande kichapwe kwenye karatasi. Ratiba itoe vipindi viwili mfululizo, kwani dakika arobaini hazitoshi. Wanafunzi waruhusiwe kujadiliana kwa Kiswahili kabla ya kuandika Kiingereza. Alama ya kundi isirekodiwe bila jaribio la mtu mmoja mmoja. Wakuu wa shule watenge sehemu ya ruzuku kwa chaji na bando, kadiri mwongozo wa matumizi unavyoruhusu. Wathibiti ubora wa shule, kwa heshima zote, waache kukagua tiki kwenye andalio. Wamchague mwanafunzi yeyote wa nyuma wamuulize kundi lake limepata nini. Na narudia, kishikwambi kizunguke.

Naomba kila idara ichague somo moja kabla ya muhula kufungwa, ilifundishe kwa vipande, kisha imletee Afisa Elimu Kata alama za jaribio la mtu mmoja mmoja. Orodha ya majina kumi juu ya karatasi moja isiletwe.