Kuvuta si Kazi, Kazi ni Kusimama



Wiki hii naomba tuzungumze juu ya matela. Sina maana ya matela ya malori makubwa yapitayo Katesh kwenye lami kuelekea Singida. Nasema yale madogo, ya magurudumu mawili, yanayofungwa nyuma ya magari madogo kama Suzuki Jimny au RAV4 na kukokotwa katika barabara za vumbi za Basotu msimu wa mavuno unapofika.

Sisi wa Hanang tela tulilijua kwa trekta. Miaka ya 1970 na 1980, mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, yalituzoesha kuona trekta likipita na tela lake limejaa. Tukajifunza kwamba cha mbele kinavuta na cha nyuma kinafuata, basi. Lakini trekta ni zito, lina magurudumu makubwa, na halikimbii. Gari dogo ni jepesi, nalo linakimbia. Somo la trekta halifai kwa gari hili.

Ukimwuliza kijana mwenye gari la namna hii, atakujibu, "Shikamoo mzee, hili usilione dogo, linavuta!" Na kweli linavuta. Wala sibishani naye. Swali langu ni jingine: je, linasimama?

Tazameni hesabu hii. Jimny ya toleo lililotoka mwaka 2018 ina uzito wa kilo 1,100 hivi. Huko Australia gari hilo limeruhusiwa kukokota kilo 1,300 endapo tela lina breki zake lenyewe. Tela likiwa halina breki, ruhusa inashuka mpaka kilo 350. Gari ni lile lile, na injini ni ile ile. Kilo 950 zote zimeondolewa kwa sababu ya breki tu.

Na hizo 350 ni pamoja na uzito wa tela lenyewe. Sasa chukueni tela letu, lililochomelewa na fundi wa hapa hapa kwa ekseli ya gari bovu, bila breki. Tuseme lina kilo 150. Zinabaki 200, yaani magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia. Nayo yawe magunia ya halali, si lumbesa. Sisi tunapakia mangapi? Manane, na juu yake tunamkalisha mtoto ashike kamba!

Wenzetu wa Uingereza hukokota matela ya kulala, yenye kitanda na jiko ndani, wakienda likizo. Ni starehe, lakini wanaipigia hesabu kabla ya kuondoka. Sheria yao inasema tela lisilo na breki lisizidi kilo 750, wala lisizidi nusu ya uzito wa gari. Kama aliyebeba godoro na sufuria anapima, aliyebeba mavuno ya mwaka mzima na watoto juu yake apime zaidi.

Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Ukikanyaga breki, gari linataka kusimama, lakini tela halina habari. Linaendelea kuja na kulisukuma gari kwa nyuma. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, kwa mfano kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ya kuzuiwa huongezeka mara nne. Kwenye mteremko mkali kama wa Magara, unapotoka Mbulu kushuka bondeni, breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Huko dereva mwenye akili huingiza gia ndogo kabla hajaanza kushuka. Na mvua ikinyesha juu ya ule udongo wetu mweusi wa mfinyanzi, tela zito laweza kulisukuma gari upande hadi vyote viwili vikajikunja kama kisu cha mfukoni.

Upakiaji nao una kanuni. Mzigo mzito ukae karibu na ekseli, ukielemea mbele kidogo, ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela ikalie kiungo cha gari. Ukiuweka nyuma, tela litaanza kuyumba kama mkia wa mbwa. Likiyumba, usikanyage breki kwa ghafla wala usiongeze mwendo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, uliache gari lipungue mwendo lenyewe. Kabla ya safari kagua pini, funga minyororo miwili iliyopishana chini ya kiungo, na hakikisha taa za nyuma zinawaka. Tela lisilo na taa usiku ni ukuta katikati ya barabara.

Najua mtaniambia, "Safari mbili ni mafuta mara mbili." Ni kweli, na mafuta ni ghali. Lakini gharama ya safari ya pili unaijua kabla hujaondoka. Gharama ya tela lililopinduka utaijulia hospitali. Mwenye mzigo mwingi na akodi trekta au lori, au wakulima wachange pamoja. Na fundi anayetengeneza tela kubwa amwambie mteja wazi kwamba bila breki kazi haijaisha.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye mahindi husimama pembeni na kusema, "Ongeza gunia moja tu, dereva!" Kwake yeye gunia hilo ni usufi. Dereva ndiye atakayelihisi mgongoni, kwenye mteremko, ng'ombe wanapokatiza barabara. Basi dereva ajifunze kusema hapana, na mwenye mzigo ajifunze kuikubali hapana hiyo bila kununa. Na watoto wetu, wapenzi wasikilizaji, tuwashushe kwenye magunia leo hii, kabla ya safari nyingine.